Wali wa Dar kwenye baridi ya Lyamkena

Sipendi kupika. Nalisema wazi, na mama mkwe wangu alishazoea kulisikia. Mimi ni fundi cherehani hapa Lyamkena, Makambako. Nikipewa kitenge asubuhi, jioni mteja anaondoka na gauni lake na mimi bado nina nguvu za kumsindikiza. Nikipewa sufuria, nguvu zinaniishia kabla maji hayajachemka. Kwa miaka mingi juma zima nyumbani kwetu lilikuwa na sura moja: ugali na maharage, ugali na kabichi, ugali na majani ya maboga, na Jumapili wali, kama mchele upo. Hakuna aliyelalamika. Mbena akishapata ugali wake wa moto kwenye baridi ya Juni, hana maneno mengi.

Aliyeuvuruga utaratibu huo ni binti yangu mkubwa. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani kusubiri matokeo, simu mkononi, akawa kila jioni ananionesha mama mmoja wa Dar es Salaam anayefundisha mapishi: wali wa nazi, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina. "Mama, na hiki nacho hatuwezi?" Nikamjibu kwamba tunaweza, ila mimi nashona. Mwishowe tukapatana. Jumapili baada ya ibada jiko litakuwa la wote, na kipikwe kitu ambacho hakijawahi kupikwa humu ndani. Mimi nikaweka masharti: vitu vyote vipatikane soko la Makambako au njiani anakopita baba yao, na nisiachwe peke yangu mbele ya moto.

Sharti la njiani halikuwa gumu. Baba yao ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, na mji wetu umekaa pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo, iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, inapita papa hapa baada ya kuupanda mlima kutoka Mlimba. Kila dereva wa njia hii ana maduka yake. Nazi anachukua Pwani. Vitunguu anasimama Ruaha Mbuyuni, nyanya anasimama Ilula. Akirudi kutoka Tunduma anapakia ndizi za Tukuyu akifika Uyole, kisha mchele anapokatiza Mbarali, unaolimwa kwenye tambarare za Usangu. Zamani vitu hivyo vilikuja kama zawadi, kwa kadiri alivyokumbuka. Siku hizi binti anamtumia orodha, na baba mtu analalamika kwamba lori la mizigo limegeuzwa kikapu.

Tukaanza na wali wa nazi. Mama wa kwenye simu alisema mchele vikombe viwili, tui vikombe vitatu, moto wa wastani, dakika ishirini, umeiva. Alikuwa amevaa dera jepesi na jasho linamtoka. Sisi tulikuwa na masweta, na bibi yao amejifunga shuka juu ya kitenge. Dakika ishirini zikafika. Tui limekauka, punje kwa nje laini, kwa ndani ina kitu kigumu kinachogonga jino. Tukaongeza maji, tukaongeza makaa. Chini pakashika ukoko mweusi, juu pakabaki vilevile. Mama mkwe alikula kwa adabu zote, halafu akauliza kama ugali upo.

Kijana wangu wa kidato cha pili ndiye aliyesema tusimlaumu mpishi wala mchele. Alikuwa amesoma darasani, na kwa mara ya kwanza nikaona ada yangu ikifanya kazi jikoni. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo ndio unaoyakandamiza maji yasigeuke mvuke upesi. Dar, usawa wa bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ukifika Njombe mjini, kunakokaribia mita 2,000, ni kama 93. Mapovu ni yaleyale, kelele ni zilezile, ukitazama huoni tofauti. Ila mchele unaiona.

La pili ndilo lililonishangaza zaidi, maana nimechochea moto maisha yangu yote: maji yakishachemka, kuongeza makaa hakuyafanyi yawe ya moto zaidi. Yanakauka haraka tu. Ule mkaa wa miwati tuliokuwa tunauongeza kila wali ulipogoma ulikuwa unachoma pesa na kuleta ukoko. Kinachotakiwa ni muda, na maji ya kutosha kuubeba huo muda.

Hapo nikaanza kulielewa jambo kwa lugha ya kazi yangu. Mteja akiniletea gauni la dada yake aliye mjini, akaniambia "nishonee kama hili hili," mshono nitauchukua, lakini sikati kitambaa kabla sijampitishia yeye futi ya kupimia. Mapishi ya simu ni gauni la dada. Binti akafungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa: upande mmoja "Dar," upande wa pili "Hapa." Kwenye wali upande wa Hapa pana maneno haya: mchele uloweke nusu saa kabla, tui vikombe vitatu na nusu, ukianza kukauka punguza moto, funika, palia makaa juu ya mfuniko, usifunue. Na chini yake ameongeza kwamba mchele mpya wa Mbarali unanywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani. Wali ukatoka. Mama mkwe akala, na ugali hakuuliza hadi usiku.

Nazi nayo ina mambo yake huku. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na Lyamkena ya mwezi wa saba nyuzi 24 utaziona mchana ukiwa na bahati. Ukikuna nazi ukaikamua kwa maji ya mtungini, unapata maji meupe membamba, na utamu wote unabaki kwenye machicha, umeganda. Lazima maji yawe ya uvuguvugu, na mikono iwe na subira. Wali wa nazi uliolala nao, asubuhi unauinua kwa mwiko kama tofali. Mtu wa Tanga hawezi kukufundisha hilo, hajawahi kuliona.

Kwenye maharage ndipo faida ilipoonekana mfukoni. Sisi maharage tunayapika tangu tuzaliwe, kwa hiyo nilidhani hakuna cha kujifunza. Binti alitaka maharage ya nazi, yale ya Pwani, na mama wa kwenye simu akasema saa moja na nusu jikoni. Huku saa moja na nusu harage bado linakutazama. Tukarudi kwenye daftari. Kuloweka usiku kucha, hilo kila mama wa hapa analijua, ingawa ukiwa na cherehani mlangoni unalisahau kwa makusudi. Jipya kwangu lilikuwa nyanya. Nilizoea kutupia nyanya mapema ili mchuzi ushike. Kumbe uchachu wa nyanya au ndimu unazuia harage kulainika. Kwenye maji ya nyuzi 94 ambayo tayari yanakwenda polepole, unajiongezea saa nyingine. Nyanya ziingie harage likishaiva. Magadi yanafanya kinyume, yanalainisha upesi, ila yanaondoka na baadhi ya vitamini, hasa B1. Mama mkwe hakukubaliana na hili la magadi, na sikulisukuma. Yeye mboga zake anapika kwenye mafiga yake. Jambo moja tulikubaliana wote: harage lisiliwe halijaiva. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemshwa barabara tu, si kwa kupashwa.

Kisha baba yao akaleta sufuria ya presha. Aliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama, ikakaa juu ya kabati muda mrefu kwa sababu wote tuliamini italipuka. Nilitafuta habari zake kabla ya kuigusa. Ni chombo cha zamani kuliko nilivyodhani: Mfaransa Denis Papin aliwaonesha wanasayansi wa London sufuria ya namna hiyo mwaka 1679, na ndiye pia aliyebuni kile kizibo kinachoachia mvuke ukizidi, kwa hiyo hofu ya kulipuka aliifikiria kabla yetu. Mfuniko unabana mvuke, mvuke unayakandamiza maji kupita uzito wa hewa ya Dar yenyewe, na maji yaliyo ndani yanafika karibu nyuzi 120. Yaani kwa nusu saa unashuka mlima wote na kuupita. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kabla sijamaliza kupiga lapu ya sketi moja. Kizibo unakikagua kila mara kisiwe na ganda la harage, maji hayapiti kipimo kilichochorwa ndani, na mfuniko haufunguliwi mpaka mvuke wote utoke. Basi.

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi. Ni jambo jema, na macho yangu yanalihitaji. Lakini naona kinachozungumzwa zaidi mitaani ni mtungi wa gesi. Kwa maoni yangu, sisi wa nyanda za juu tungetajiwa kwanza sufuria ya presha, iwe ya jikoni au ile ya umeme, ambayo inaivisha maharage ya familia kwa chini ya uniti moja. Mtungi unabadilisha moto tu. Maji yanabaki ya nyuzi 94, na mama anayelipia gesi kwa saa tatu za maharage atarudi kwenye mkaa kabla mwezi haujaisha. Nimewaona wanaorudi, mtungi wanaufunika kitambaa cha maua, unakaa sebuleni.

Wapo wanaoniuliza kwa nini ninaendelea na mambo haya ikiwa jiko silipendi. Jibu nililipata kliniki, wakati mtoto wangu wa mwisho akiwa bado anapimwa uzito. Muuguzi alituambia habari ambayo nilidhani ni ya mkoa mwingine. Baadaye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ukaonesha hivyo hivyo: Njombe, karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Majirani zetu wa Iringa wako juu zaidi, asilimia 57. Hii ndiyo mikoa inayolisha wenzake mahindi, viazi na maharage. Malori ya chakula yanapita mbele ya mlango wangu usiku na mchana. Njaa ya tumbo hatuna.

Muuguzi hakutulaumu. Alisema mtoto anashiba uji mweupe wa mahindi asubuhi, mama anakwenda shamba mpaka jua linapungua, na jioni ni ugali na mboga ileile. Tumbo limejaa lakini mwili haujapata mafuta, haujapata maziwa, yai, dagaa, wala tunda. Sababu nyingine zipo, maradhi na maji na umri wa kumwachisha ziwa, lakini hiyo ya sahani yenye sura moja ilinipata mimi moja kwa moja, kwa kuwa sahani yenye sura moja ndiyo chakula cha mtu asiyependa kupika. Sijawahi kusikia mtu akizungumza na akina mama wa namna yangu. Mafunzo ya lishe huanza kwa kudhani kwamba mama anapenda jiko na anakosa elimu tu. Wengine elimu tunayo; tulisoma sayansikimu shuleni, tukachora sahani na makundi yake ya vyakula kwa rangi. Tunachokosa ni mikono mingine jikoni.

Mikono hiyo sasa ipo, na kitu kilichowavuta watoto zaidi ni viazi. Njombe ni mkoa wa viazi mviringo, gunia linapita kila saa, na sisi tulikuwa tunavichemsha tu. Watoto walitaka chipsi. Mwezi wa saba zilikataa: nje zinageuka kahawia iliyokoza, karibu nyeusi, ndani bado ngumu. Mafuta yalikuwa mapya, kwa hiyo kisingizio hicho hakikuwepo. Sababu ni baridi. Kiazi kikilala siku nyingi kwenye baridi, wanga wake unaanza kugeuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua upesi. Muuza viazi sokoni, bila fizikia yoyote, alituambia tuviweke siku kadhaa jikoni karibu na joto kabla ya kukaanga, na tununue aina yenye unga mwingi, si ile yenye maji. Vikapona kiasi. Lakini binti akaona njia fupi zaidi: tupike katlesi za Pwani, ambazo kiazi chake kimeshachemshwa na kupondwa, kinachokaangwa ni yai la juu tu. Mdogo wa darasa la tatu ndiye anayeziviringa, hazilingani hata mbili. Ndani tunaweka nyama ya kusaga ikiwepo, isipokuwepo dagaa waliokaangwa wakasagwa, au njegere, maana njegere huku ni za kumwaga.

Cha kuchovyea katlesi tunatengeneza kwa parachichi. Hapa naweza kujisifia mkoa kidogo. Parachichi zetu za Hass zinavuka bahari, ila zile zenye kovu au umbo baya wanunuzi wanaziacha, zinabaki sokoni kwa bei ya kutupa, na ndani hazina kasoro yoyote. Parachichi haliivi mtini. Linaanza kulainika likishachumwa, na kwenye baridi yetu linaweza kukaa gumu mpaka ukalisahau. Ukilifunga kwenye mfuko pamoja na ndizi mbivu, hewa inayotoka kwenye ndizi inaliamsha. Tunaliponda na ndimu, chumvi, kitunguu cha Ruaha Mbuyuni na pilipili moja. Lililobaki linaingia kwenye uji wa mdogo asubuhi, nalo ndilo lile fungu la mafuta ambalo muuguzi alikuwa analidai.

Ushindi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa bibi yao, na ulikuja kwenye maandazi. Mama wa kwenye simu alisema unga ukandwe, ufunikwe, uumuke saa moja. Hamira ni kitu hai, inapenda joto. Kwenye chumba cha nyuzi 12 saa moja inapita haijastuka. Tulifunga sufuria kwa blanketi, tukaiweka pembeni ya jiko, ikachukua nusu ya siku. Mama mkwe alikuwa anatutazama tu. Mvua zilipoanza na mianzi ikaanza kugemwa, akaja na kibuyu cha ulanzi uliolala siku moja, akasema mimina huu, ulaze unga mpaka asubuhi. Nikasita, kwa sababu watoto ni wa shule na ulanzi ni pombe. Akanieleza kwamba kikaangoni kilevi kinakimbia, kinachobaki ni uchachu kidogo. Baba yao, anayefika Pwani kila mwezi, akaongeza kwamba kule nako wazee walikuwa wanaumua mikate kwa tembo la mnazi, hivyo bibi hakubuni kioja. Asubuhi unga ulikuwa umeinua kitambaa. Kwenye daftari, ukurasa wa maandazi, upande wa "Dar" umefutwa kabisa, na upande wa "Hapa" mwandiko ni wa binti lakini maneno ni ya bibi, pamoja na onyo kwamba kiangazi ulanzi hakuna, mrudi kwenye blanketi.

Sasa wanazungumzia piza. Ngano inalimwa Makete, jibini inatengenezwa Njombe, nyanya zipo. Oveni ndiyo hakuna. Kijana anasema atapalia makaa juu ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, kama wanavyooka keki za sherehe mtaani. Bibi ameshauliza jibini ni nini, akaoneshwa, akanusa, akanyamaza. Mimi nimepangiwa kukata vitunguu, kwa hoja kwamba fundi anakata sawasawa. Nimekubali, ila nitavikatia mezani kwenye cherehani, maana sare za shule zimerundikana na Januari haimsubiri mtu, na nimewaomba asije mmoja wao kuniuliza chakula kitaiva saa ngapi.